Hermann Ebbinghaus: Mjerumani aliyejikaririsha silabi 2,300 ili ajue tunavyosahau

Hebu nikuulize. Ile mada ya kemia uliyokesha nayo wiki jana hadi saa nane za usiku, ukaenda kulala ukiwa na uhakika kwamba imeingia yote, leo umebaki nayo kiasi gani? Nusu? Robo? Ama unakumbuka tu rangi ya kalamu uliyotumia kupigia mistari?

Usijilaumu sana. Kuna jamaa mmoja Mjerumani aliyejiuliza swali kama hilo zaidi ya miaka 140 iliyopita, ila yeye hakuishia kulalamika. Alichukua saa, kalamu na karatasi, akaanza kujipima. Hakuwa na maabara. Hakuwa na msaidizi. Hata mtu wa kumfanyia majaribio hakuwa naye, kwa hivyo akajifanyia mwenyewe, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Jina lake ni Hermann Ebbinghaus, na ukija kusomea saikolojia katika chuo chochote, utakutana naye pindi mhadhiri atakapofika kwenye somo la kumbukumbu.

Alizaliwa Januari 24, 1850 katika mji wa Barmen, ambao siku hizi ni sehemu ya jiji la Wuppertal, magharibi mwa Ujerumani. Wakati huo hata nchi inayoitwa Ujerumani haikuwa imeungana, na Barmen ulikuwa chini ya ufalme wa Prussia. Babake alikuwa mfanyabiashara mwenye uwezo, kwa hivyo karo haikuwa tatizo. Akiwa na miaka 17 alijiunga na Chuo Kikuu cha Bonn kusomea historia na lugha, lakini falsafa ikamnasa njiani. Akasoma pia Halle na Berlin. Mnamo 1870 vita vilipozuka kati ya Prussia na Ufaransa, aliacha vitabu akavaa sare za jeshi. Aliporudi akamalizia masomo, na kufikia 1873, akiwa na miaka 23 tu, alikuwa na shahada ya uzamifu katika falsafa.

Utadhani hapo maisha yalinyooka. Wapi! Kwa vijana wengi wa Kenya hii hadithi haitakuwa ngeni: shahada mkononi, kazi hakuna. Ili mtu aruhusiwe kufundisha chuoni kule Ujerumani alihitaji kuandika kazi nyingine kubwa ya utafiti baada ya ile ya uzamifu, na Ebbinghaus hakuwa nayo. Kwa miaka kadhaa alikaa Uingereza na Ufaransa akijitafutia riziki kwa kufundisha wanafunzi binafsi. Tuisheni, kwa lugha yetu.

Ni katika kipindi hicho cha kuhangaika ambapo aliingia katika duka la vitabu vilivyotumika, mfano wa vile unavyoviona vimepangwa kandokando ya barabara jijini Nairobi, akakinunua kitabu cha Gustav Fechner kilichochapishwa mwaka wa 1860. Fechner alikuwa ameonyesha jambo ambalo wengi waliliona muhali: kwamba hisia za binadamu zinaweza kupimwa kwa hesabu. Kwa mfano, uzito uongezwe kiasi gani kabla mkono wako haujatambua kwamba umeongezeka? Fechner alikuwa na mbinu za kupata jibu, tena jibu lenye tarakimu.

Ebbinghaus akakisoma, na wazo likamjia. Ikiwa hisia zinapimika, mbona kumbukumbu isipimike?

Swali hilo lilikuwa zito kuliko linavyosikika. Mnamo 1879 Wilhelm Wundt alifungua maabara yake ya saikolojia mjini Leipzig, ile inayotajwa kama ya kwanza duniani, na hata yeye alishikilia kwamba majaribio yanafaa kwa mambo mepesi kama hisia na kasi ya mtu kuitikia kitu. Mambo ya ndani zaidi kama kumbukumbu, alisema, hayawezi kufikiwa kwa njia hiyo. Sasa fikiria wewe ni kijana asiye na cheo chuoni, na mkubwa wa fani yako anasema haiwezekani.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa maana. Nikikupa neno “ugali” ulikariri, siwezi kujua unalikumbuka kwa sababu ya bidii yako ya leo au kwa sababu umelila na kulisikia tangu utotoni. Neno hilo limeshakwama kichwani na jiko, na mama, na harufu ya mboga. Mtu wa Japan nikimpa hilo hilo, anaanzia sufuri. Basi ulinganifu uko wapi?

Ebbinghaus akalitatua kwa njia ya ajabu kidogo. Alitengeneza silabi zake mwenyewe: konsonanti, irabu katikati, kisha konsonanti tena. Vitu vya aina ya “zof”, “lup”, “tev”. Kwa sikio la Mswahili, aliyezoea silabi inayoishia kwa irabu, hizi zinagonga kama mlango usiofungika vizuri. Alipata takriban 2,300. Baadhi yake kwa bahati zilikuwa maneno halisi ya Kijerumani, lakini hilo halikumsumbua. Alichotaka ni orodha isiyo na hadithi ndani yake, kwa hivyo alizichanganya zote na kuziokota kwa bahati nasibu.

Kisha mateso yakaanza. Alizisoma silabi kwa sauti, kwa mwendo mmoja usiobadilika: silabi 150 kwa dakika, akifuata mdundo wa saa. Hakuruhusu kichwa chake kifanye ujanja wowote, kama vile kuunganisha silabi ziwe kisa au kuzitungia picha. Orodha moja ikiisha kukaririka bila kosa, alipumzika sekunde 15, akaandika matokeo, akaendelea na nyingine. Alijaribu pia kuishi maisha ya utaratibu siku za majaribio, na kupima saa zile zile, maana aligundua mapema kwamba hata wakati wa siku una uzito wake. Orodha alizokariri kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku zilimchukua muda mrefu zaidi, kwa kama asilimia 12, kuliko zile za asubuhi. (Wewe unayesukuma hesabu hadi baada ya chajio, hapo sina la kukuambia.)

Majaribio ya kwanza aliyafanya 1879 na 1880. Mtu mwingine angeyachapisha mara moja aombe kazi. Yeye alisubiri, akarudia mengi kati ya 1883 na 1884 ili ahakikishe hakujidanganya, ndipo akatoa kitabu chake kuhusu kumbukumbu mwaka wa 1885. Ndio mwaka ambao mwanawe, Julius, alizaliwa. Julius alikuja kuwa mwanafalsafa mashuhuri.

Sasa tuingie kwenye matokeo yenyewe, maana hapa ndipo penye utamu.

Silabi saba hivi aliweza kuzishika kwa kusoma mara moja tu. Ungedhani kwamba 12 zingehitaji mara mbili, labda tatu. Zilihitaji mara 16 au 17. Silabi 16 zilitaka mara 30, na 24 zikataka mara 44. Yaani mzigo ukipita kiasi fulani, kazi haiongezeki kidogo kidogo, inaruka. Kumbuka hilo siku nyingine utakapojaribu kumeza sura nzima ya historia kwa mpigo mmoja.

Lakini swali kubwa lilikuwa la kusahau. Utapimaje kitu kilichosahaulika? Ukimuuliza mtu “unakumbuka?” akasema hapana, hapo umefika mwisho. Ebbinghaus alikataa kuishia hapo, na mimi naona hii ndiyo sehemu ya akili zaidi katika kazi yake yote. Alijiuliza hivi: hata kama sikumbuki chochote, je, nikijifunza upya nitatumia muda ule ule wa kwanza? Tuseme orodha ilikuchukua dakika 10 kuikariri. Baada ya wiki imekupotea yote. Ukaanza upya, na safari hii ukamaliza kwa dakika 7. Dakika tatu umeziokoa. Hizo tatu ni asilimia 30 ya muda wa kwanza, na ni ushahidi kwamba kuna kitu kilibaki kichwani ambacho wewe mwenyewe hukujua kipo. Hiyo ndiyo aliyoiita akiba.

Kwa mbinu hiyo alijipima mara 163. Kila mara alikariri orodha nane za silabi 13, kisha akazirudia baada ya muda fulani na kulinganisha. Hesabu mwenyewe: hizo ni zaidi ya orodha 1,300, na kila moja ilikaririwa mara mbili. Hapo hatujagusa majaribio yake mengine.

Matokeo yalikuwa hivi. Baada ya dakika kama 20, akiba ilikuwa imeshuka hadi asilimia 58. Baada ya saa moja, 44. Baada ya saa tisa hivi, 36. Baada ya siku moja, 34. Siku mbili, 28. Siku sita, 25. Na baada ya mwezi mzima, 21.

Zitazame tena tarakimu hizo polepole. Zaidi ya nusu ya akiba ilipotea katika saa ya kwanza! Lakini kutoka siku ya sita hadi siku ya 31, ilipungua kwa asilimia nne tu. Kusahau hakuendi kwa mwendo mmoja kama maji yanayovuja kwenye ndoo. Kunaporomoka mwanzoni, kisha kunatulia. Ukichora tarakimu hizo unapata grafu ya usahaulifu, mstari unaoshuka ghafla halafu unalala, na mpaka leo ukitajwa jina lake linatajwa nao.

Hapa nikuonye kidogo. Utawasikia watu kwenye semina, na hata mtandaoni, wakisema eti sayansi imethibitisha kwamba ndani ya siku moja unasahau thuluthi mbili ya kila ulichosoma. Sivyo. Zile asilimia ni za muda uliookolewa, si za maneno yaliyokumbukwa. Zilikuwa za silabi zisizo na maana, na zilikuwa za kichwa cha mtu mmoja. Ebbinghaus mwenyewe alilijua hilo vizuri, na ndiyo sababu alifanya jaribio jingine: alichukua beti za shairi refu la Byron, “Don Juan”, akazikariri kwa mtindo ule ule. Ubeti mmoja una silabi kama 80. Aliumudu kwa kuusoma mara tisa hivi. Silabi zisizo na maana zenye urefu huo zingemtaka mara 70 hadi 80. Maana, vina na mizani vilimpunguzia kazi hadi sehemu moja ya kumi. Ukitaka kujua kwa nini unakumbuka mashairi uliyofunzwa darasa la tatu lakini si fomula uliyoimeza bila kuielewa, anzia hapo.

Lipo tokeo jingine, na kama una mtihani mwaka huu naomba usilipite. Alichukua orodha za silabi 12 akazirudia mara 68 mfululizo, siku moja. Kesho yake alihitaji kuzirudia mara saba ndipo azisome bila kosa. Kisha akajaribu orodha nyingine kwa kuzigawa: alirudia kidogo leo, kidogo kesho, kidogo kesho kutwa. Kwa jumla ya marudio 38 tu yaliyotawanywa katika siku tatu, alifika pale pale ambapo 68 za siku moja zilimfikisha. Marudio 30 aliyaokoa bila kuongeza akili wala dawa, kwa kugawa tu. Watafiti waliomfuata wamelijaribu jambo hili kwa watoto, kwa wazee, kwa wanafunzi wa udaktari, kwa msamiati wa lugha za kigeni, na limesimama.

Na kukesha je? Alipojilazimisha kurudia orodha sita za silabi 16 mara 64 kila moja, kazi ya robo tatu za saa, mara nyingi alimaliza akiwa hoi na kichwa kikimgonga. Hakuthubutu kuongeza zaidi.

Sifa zilikuja. Mmarekani William James alistaajabia ustahimilivu wake. Chuo Kikuu cha Berlin, alikokuwa akifundisha tangu 1880, kilimpa uprofesa wa daraja la chini mwaka wa 1886. Mnamo 1890 alishirikiana na Arthur König kuanzisha jarida la saikolojia lililowapa nafasi hata wale wasiokuwa wafuasi wa Wundt. Lakini mwanamume huyu hakuwa mtu wa kuandika kila kukicha, na Berlin walihesabu kurasa. Mwaka wa 1894 kiti kikubwa cha saikolojia kilipotolewa, alipewa Carl Stumpf. Ebbinghaus akafunga virago akahamia Breslau, mji ambao leo unaitwa Wrocław na uko Poland.

Walioona hiyo kama kushushwa hawakujua alichokwenda kukifanya. Wakuu wa mji wa Breslau walitaka kujua ikiwa kuwakalisha watoto darasani saa tano mfululizo, kuanzia asubuhi hadi saa saba mchana, kunawachosha akili. Ebbinghaus aliombwa kusaidia kutafuta jibu. Pamoja na maswali ya hesabu na ya kukumbuka, akabuni zoezi jipya: kifungu cha maneno ambacho silabi na maneno fulani yameondolewa, na mtoto anatakiwa kuyarudisha ili kifungu kilete maana. Tarakimu za hesabu na za kukumbuka hazikuwatenganisha sana wanafunzi wa mbele na wa nyuma darasani. Zoezi la mapengo liliwatenganisha waziwazi. Mfaransa Alfred Binet alilichukua wazo hilo akalitia katika mtihani wake wa akili wa 1905.

Ndiyo, ni yale yale mapengo. Kile kifungu chenye nafasi zilizoachwa wazi ambacho umejaza tangu shule ya msingi, chanzo chake kimoja ni watoto wa Breslau wa miaka ya 1890 na mtu aliyetaka kujua ikiwa wamechoka.

Mwaka wa 1905 alihamia Halle. Aliandika vitabu vya kufundishia saikolojia vilivyosomwa sana kwa sababu Kijerumani chake kilikuwa chepesi, jambo ambalo wasomi wenzake wengi hawakulijali. Februari 26, 1909 nimonia ilimuua, akiwa na miaka 59.

Wakosoaji hawakukosekana. Aliyevuma zaidi ni Mwingereza Frederic Bartlett wa Cambridge, ambaye katika kitabu chake cha 1932 alisema kwamba ukiondoa maana katika unachokariri, umeondoa pia ile kumbukumbu tunayoishi nayo. Bartlett aliwapa watu hadithi ya Wahindi Wekundu wa Amerika Kaskazini, akawaomba waisimulie tena na tena baada ya muda. Kila walipoisimulia waliibadilisha, wakatoa sehemu zisizoingia akilini mwao na kuweka za kwao. Kumbukumbu kwa Bartlett ni kujenga upya, si kuchota kutoka ghalani. Kwa maoni yangu wote wawili walikuwa sahihi, ila walipima vitu tofauti: mmoja alipima kinachopotea, mwingine kinachogeuka.

Kuna kijisehemu kimoja kwenye grafu ya Ebbinghaus ambacho yeye mwenyewe kilimtatiza. Kati ya saa ya tisa na saa ya 24, akiba ilishuka kwa asilimia mbili tu. Kati ya saa ya 24 na ya 48, ilishuka kwa sita. Haikumwingia akilini. Katika zile saa za mwanzo kulikuwa na usiku, kulikuwa na usingizi, na alilifikiria hilo. Lakini hakuamini kwamba usingizi unaweza kuzuia kusahau kwa kiasi hicho, akaona huenda ni makosa ya kipimo.

Mnamo 1924, John Jenkins na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwakaririsha wanafunzi wawili silabi kama zake. Mara nyingine waliwaacha walale, mara nyingine waendelee na shughuli za mchana, kisha wakawauliza. Waliolala walikumbuka zaidi. Halafu mwaka wa 2015, Jaap Murre na Joeri Dros wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walichapisha matokeo ya kulirudia jaribio la Ebbinghaus lenyewe, kwa mtu mmoja aliyekubali kukariri na kukariri tena kwa takriban saa 70. Mstari uliotokea ulifanana sana na ule wa 1885: uliporomoka mwanzoni, kisha ukatulia. Na pale kwenye saa ya 24, baada ya usiku mmoja wa usingizi, ulikuwa umeinuka kidogo.